Mjadala: Ikiwa kila taifa liliwahi kuwa na watumwa, je, kuna anayedaiwa?

Mtoa mada

Kila mara suala la fidia kwa ajili ya utumwa linapoibuliwa, jibu la haraka huwa ni lile lile: kwamba utumwa ulikuwapo tangu binadamu alipoanza kujenga miji, kwamba kila taifa lilishiriki, kwamba Waafrika wenyewe waliwauza Waafrika wenzao, na kwa hiyo hakuna mwenye haki ya kumdai mwenzake. Naiweka hoja hiyo mbele yenu tuijadili, kwa sababu naamini kwamba sehemu yake ya kwanza ni ya kweli kabisa, lakini hitimisho lake halitokani na ukweli huo hata kidogo.

Ukweli wenyewe usifichwe. Sheria za Hammurabi wa Babeli, zilizochongwa kwenye jiwe karibu mwaka 1750 kabla ya Kristo, zinamtaja mtumwa kama sehemu ya kawaida ya maisha: anayemficha mtumwa mtoro nyumbani mwake auawe, na anayemkamata nje ya mji akamrudisha kwa bwana wake alipwe shekeli mbili za fedha. Huko Athene, mtunga sheria Solon alipiga marufuku raia kufanywa mtumwa kwa sababu ya deni, mwaka 594 kabla ya Kristo, lakini migodi ya fedha ya Laurion iliendelea kuchimbwa na watumwa walioletwa kutoka nje, na baadaye mwanafalsafa Aristotle akaandika bila wasiwasi kwamba wapo watu ambao ni watumwa kwa maumbile yao. Warumi walipoyashinda maasi ya watumwa yaliyoongozwa na Spartacus, mwaka 71 kabla ya Kristo, waliwasulubu mateka wapatao 6,000 kando ya barabara ya kutoka Capua hadi Roma. Katika karne ya 9 watumwa waliokuwa wakiondoa udongo wa chumvi kwenye mabonde ya kusini mwa Iraki, wengi wao wakiwa na asili ya Afrika Mashariki, waliasi mwaka 869 na ikamchukua khalifa hadi mwaka 883 kuwashinda. Mtumwa wa kale aliweza kuwa wa rangi yoyote na wa lugha yoyote, maana kilichomfikisha utumwani kilikuwa vita, deni, utekaji au kuzaliwa na mama mtumwa.

Kilichotokea katika Atlantiki kuanzia karne ya 15 kilikuwa na jambo jipya ndani yake, nalo ni sheria iliyoufunga utumwa kwenye rangi ya mtu na ukoo wake. Mwaka 1662 koloni la Kiingereza la Virginia, huko Amerika Kaskazini, lilitunga sheria kwamba mtoto atafuata hali ya mama yake, hata kama baba ni mtu huru, maana yake ni kwamba bwana aliyemzalisha mtumwa wake alikuwa akijiongezea mali. Mwaka 1667 koloni hilo hilo likaamua kwamba ubatizo haumtoi mtu utumwani. Ufaransa nayo, katika kanuni yake ya mwaka 1685 kwa ajili ya makoloni, ikamhesabu mtumwa kuwa mali inayohamishika. Kurithi utumwa kwa mama kulikuwa katika sheria ya Kirumi pia, lakini mtumwa aliyeachwa huru kihalali na raia wa Kirumi aliweza kuwa raia mwenyewe, na watoto wake wakapotea ndani ya umati bila alama yoyote. Katika Amerika aliyeachwa huru alibaki na alama mwilini, yaani rangi yake, na sheria ikaendelea kumwandama kwa alama hiyo.

Halafu kuna kiwango cha biashara yenyewe na kumbukumbu zake. Wanahistoria waliokusanya daftari za meli na za bandari wanakadiria kwamba Waafrika milioni 12.5 walipakiwa melini, na kwamba waliofika ng'ambo walikuwa karibu milioni 10.7, hivyo watu milioni 1.8 hivi walikufia baharini. Brazili peke yake ilipokea karibu milioni 4.9. Tunayajua haya kwa sababu watu hawa waliandikwa, wakathaminiwa na wakakatiwa bima. Mwaka 1781 mabaharia wa meli ya Zong waliwatupa baharini watu zaidi ya 130 wakiwa hai, na wenye meli wakadai fidia ya bima. Kesi iliposikilizwa London mwaka 1783 ilikuwa kesi ya madai ya shehena iliyopotea, wala hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji. Sijawahi kusoma habari za kesi hiyo bila kulazimika kuuweka ukurasa kando kwanza.

Sasa nifike kwenye kiini cha hoja yangu. Watu husema kwamba fidia ya utumwa ni wazo la ajabu na lisilotekelezeka, ilhali fidia hiyo ilishalipwa, tena kwa ukamilifu, isipokuwa walilipwa waliomiliki watu. Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya kukomesha utumwa mwaka 1833 lilitenga pauni milioni 20, karibu asilimia 40 ya matumizi ya serikali ya mwaka mzima, kwa ajili ya wamiliki. Watumwa hawakupewa hata senti, bali walilazimishwa kuendelea kuwatumikia mabwana wale wale kwa jina la uanagenzi hadi mwaka 1838. Ufaransa ilipokomesha utumwa katika makoloni yake mwaka 1848 iliwafidia wamiliki. Mjini Washington, mwaka 1862, serikali ililipa hadi dola 300 kwa kila mtumwa aliyeachwa huru, na fedha zikaingia mifukoni mwa mabwana. Hata Zanzibar, amri ya mwaka 1897 ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa iliahidi fidia kwa wamiliki. Haiti ndiyo inayoumiza kuliko zote, kwa sababu huko watu waliojikomboa wenyewe kwa vita vilivyoanza mwaka 1791 na kutangaza uhuru tarehe 1 Januari 1804 walifuatwa mwaka 1825 na manowari za Ufaransa na kutakiwa kulipa faranga milioni 150, zilizopunguzwa baadaye hadi milioni 90, ili kuwafidia waliokuwa mabwana zao. Yaani walionyang'anywa uhuru ndio waliotozwa.

Basi kanuni ya kwamba dola inaweza kulipia hasara iliyotokana na utumwa haina mgogoro, maana dola zenyewe ziliikubali karne mbili zilizopita. Kinachobishaniwa ni nani alikuwa na hasara. Nakaribisha hoja, hasa za wanaopinga.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mtoa mada, nimekusoma kwa makini na nakushukuru kwa kutoificha historia ya kale, lakini sikubaliani na ulikofikia. Aliyelipwa wakati ule amekufa, na aliyestahili kulipwa naye amekufa. Leo atakayetozwa kodi ili fidia ilipwe ni mtu ambaye huenda babu yake alikuwa mchimba makaa ya mawe asiyekuwa na haki ya kupiga kura, au mhamiaji aliyefika juzi kutoka nchi isiyohusika kabisa. Haki inayomwadhibu asiyekosa kwa ajili ya asiyekuwapo inanitia mashaka.

Pili, umepita haraka mno juu ya watawala wa Kiafrika. Ufalme wa Dahomey, katika nchi inayoitwa Benin leo, ulijenga nguvu zake kwa kuteka na kuuza watu, na mwaka 1999 Rais Mathieu Kérékou wa Benin aliomba radhi hadharani kwa jambo hilo. Ni kweli kwamba Afonso wa Kwanza, mfalme wa Kongo, alimwandikia mfalme wa Ureno mwaka 1526 akilalamika kwamba wafanyabiashara wanawakamata raia wake, hata wana wa wakuu na ndugu zake, lakini mfalme huyo huyo alikuwa na watumwa na aliwahi kuwauza. Je, nao wataingizwa kwenye hesabu? Na njia za Sahara, Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi, zilizodumu kwa karne nyingi kuliko ile ya Atlantiki, atadaiwa nani? Saudi Arabia ilikomesha utumwa mwaka 1962, na Mauritania mwaka 1981, ambayo haikuufanya kuwa kosa la jinai hadi mwaka 2007. Anayedai upande mmoja tu anachagua mdaiwa kwa kuangalia uwezo wake wa kulipa.

Tatu, kwa makadirio yaliyotolewa mwaka 2022 na Shirika la Kazi Duniani pamoja na washirika wake, watu milioni 49.6 wanaishi katika utumwa wa kisasa: milioni 27.6 katika kazi za shuruti na milioni 22 katika ndoa za kulazimishwa. Kama kuna fedha na nguvu za kisiasa, naona zielekezwe kwa hao, kwa sababu bado wanaweza kuokolewa.

Mchangiaji wa pili

Naomba niongeze jambo ambalo ndugu zangu wote wawili mmeligusa kidogo tu, nalo ni pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1776 Mfaransa aliyeitwa Morice alifunga mkataba na sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Bahari ya Hindi, kwa hiyo si sahihi kuigawa historia hii kana kwamba Wazungu walikuwa magharibi na Waarabu mashariki. Katika karne ya 19 karafuu za Unguja na Pemba zilipandwa, zikachumwa na kupaliliwa na watu waliotolewa bara, wengi kutoka pande za Ziwa Nyasa, na misafara iliyowaleta ilikuwa na wakuu wa Kiarabu, wa Kiswahili na wa Kinyamwezi, huku mitaji ikitoka kwa matajiri wa Kihindi na pembe za ndovu zikienda Ulaya na Marekani. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba ambao Sultani Barghash aliutia saini kwa kushinikizwa na Waingereza.

Amri ya mwaka 1897 aliyoitaja mtoa mada inahitaji kutazamwa kwa karibu, kwa sababu inaonyesha jinsi uhuru wa kwenye karatasi unavyoweza kuwa mwembamba. Mtumwa hakuachwa huru kwa tangazo lile, bali alipaswa kwenda mwenyewe mahakamani kuuomba uhuru wake, na akiisha kuupata aliondokewa na haki ya kuishi na kulima kwenye shamba la bwana wake, asiwe na ardhi nyingine. Masuria hawakuhusishwa kabisa, wakasubiri hadi mwaka 1909. Brazili nayo, mwaka 1888, iliwaachia huru watumwa wake wote bila kuwapa ardhi, na katiba ya Marekani ilipofuta utumwa mwaka 1865 iliacha nafasi kwa adhabu ya mfungwa, nafasi ambayo majimbo ya kusini yaliitumia kuwakodisha wafungwa weusi mashambani na migodini.

Kwa hiyo swali langu kwa mchangiaji wa kwanza ni hili: utawezaje kuutenga utumwa wa leo na ule wa jana, wakati anayekamatwa leo ni yule yule asiye na ardhi, asiye na hati na mwenye deni? Huko Mauritania wanaoendelea kutumikishwa ni uzao wa waliotumikishwa zamani.

Mtoa mada

Nawashukuru wote wawili. Nianze na hoja ya marehemu, kwa kuwa ndiyo nzito kuliko zote. Mimi simdai mtu binafsi, nadai dola, na dola haifi pamoja na mawaziri wake. Ili kuwalipa wamiliki wa watumwa Uingereza ilikopa pauni milioni 15, na hati za madeni zilizobeba mkopo huo zilimalizwa kulipwa mwaka 2015. Maana yake ni kwamba mlipakodi wa mwaka 2010, ambaye hakuwahi kummiliki mtu, na ambaye huenda mababu zake walifungwa minyororo Jamaika au Barbados, alikuwa bado anachangia gharama ya kuwafidia mabwana. Hakuna aliyesimama wakati huo kusema kwamba wahusika walikwisha kufa. Dawa ya deni ni kulipa, na hazina ile ililijua hilo vizuri lilipokuwa deni la wenye mali.

Kuhusu watawala wa Kiafrika na wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi, nataka waingie kwenye hesabu. Kuongezeka kwa wahusika kunaongeza orodha ya wadaiwa bila kumfuta hata mmoja wao, na Kérékou alitangulia kutuonyesha kwamba inawezekana kukiri. Palipo na daftari, mkataba, amri au hesabu ya hazina, hapo pana pa kuanzia, awe mhusika ni Lisbon (Ureno), Muscat (Oman) au Dahomey. Pasipo na kumbukumbu za namna hiyo, kama kwa Babeli na Roma, dola iliyofaidi haipo tena na hakuna anayedai. Hiyo ndiyo tofauti kati ya historia ya kale na madai yaliyo mbele yetu, wala haihusu rangi ya mdaiwa.

Na hao watu milioni 49.6 sioni kwa nini washindanishwe na wenzao waliotangulia, hasa baada ya maelezo ya mchangiaji wa pili kuhusu ardhi. Serikali zilizotia saini mkataba wa mwaka 1926 dhidi ya utumwa na ule wa mwaka 1930 wa kupinga kazi za shuruti ziliendelea kuwatoza watu wa makoloni yao kazi ya lazima kwa miaka mingi, na nadhani ziliona urahisi wa kufanya hivyo kwa sababu utumwa uliotangulia haukuwa umegharimu dola yoyote chochote isipokuwa malipo kwa mabwana.

Napendekeza basi mjadala uendelee kwa kuangalia dai moja lililo wazi. Mwezi Aprili 2025, miaka 200 baada ya Haiti kutozwa zile faranga, Rais Emmanuel Macron alitangaza tume ya pamoja ya wanahistoria wa Ufaransa na Haiti kuchunguza athari za deni hilo. Aliyetoza anajulikana, aliyelipa anajulikana, kiasi kimeandikwa, na dola zote mbili zipo hadi leo. Ndugu mchangiaji wa kwanza, kati ya sababu zako tatu, ni ipi inayoizuia Ufaransa kurudisha fedha hizo?