Madarasa ya bure ya kujitegemea kanisani, mtu asiye muumini anaruhusiwa?

Wadau habari zenu, nimeona tangazo la Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho wanatoa kozi za kujitegemea bure kabisa. Mimi si muumini wao, je naweza kwenda au ndo mtego wa kubatizwa? 😅

Jibu 1: Nenda tu ndugu, wanapokea yeyote. Kuna ya fedha binafsi, ya kuanzisha na kukuza biashara, ya kutafuta kazi bora, unachagua moja mnakutana kila wiki kama wiki 12 hivi. Ila usitegemee mwalimu wa kukumwagia madesa, hakuna, kuna mwongozaji tu, mnasoma kitabu pamoja na kila mtu anaahidi atafanya nini wiki hiyo halafu mkikutana tena unaulizwa umefanya au ulipiga stori.

Jibu 2: Hapo kwenye kuulizwa ndo pananyoosha watu. Mimi niliandika matumizi yangu mwezi mzima nikaona aibu mwenyewe, vocha tu ilikuwa inanimaliza.

Jibu 3: Sala na maandiko vipo lakini, tusidanganyane. Kama hilo linakukera tafuta kwingine.

Muuliza swali: Sala hainiui. Na mtaji wanatoa?

Jibu 1: Hapana mkuu, mtaji wako ni kichwa chako. Wengi wakisikia hivyo wiki ya pili huwaoni 😂