Tupeane uzoefu: kufika Mlimani (kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, UDSM) kabla ya kipindi cha saa moja asubuhi

Mwenyeji wa Changanyikeni
Wakuu, madogo wa mwaka wa kwanza wameanza kumwagika stendi ya Mbezi na magodoro yao. Mkononi barua ya kujiunga, na ile barua haikuambii ushukie wapi. Wenye uzoefu tumwage hapa: gari gani, kituo gani, saa ngapi, na watu wanapigwa wapi.

Naanza. Kabla hujapanda chochote, soma tena umepangiwa wapi. UDSM si Mlimani peke yake. Watu wa kompyuta, CoICT, wako Kijitonyama. Kituo chao ni Sayansi, jirani na COSTECH, ile Tume ya Sayansi na Teknolojia. DUCE, chuo kishiriki cha elimu, iko Chang'ombe, maeneo ya uwanja wa Mkapa. Mkwawa, chuo kishiriki kingine, iko Iringa. Mtu wa CoICT akishafikishwa Mlimani na sanduku, inabidi atoke mpaka Mwenge, apande gari la kuelekea Makumbusho, apite Bamaga ndipo Sayansi. Mwambie konda mapema. Ukizubaa unaamkia Makumbusho.

Pilipili Hoho
Na wa Mkwawa asitoke hata stendi, apande basi lingine hukohuko hahaha.

Suka Mstaafu
Nitoe ramani kwa anayetoka mkoani na basi. Unashuka stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Tafuta daladala ya Mbezi – Simu 2000. Wengine wanaita Mawasiliano, ni kituo hichohicho, usibabaike. Inashuka na Morogoro Road, Kimara, Ubungo, pale daraja la Kijazi inakata kushoto kuingia Sam Nujoma.

Sasa kuna kitu wageni hawakioni. Simu 2000 iko upande wa Sinza, chuo kiko ng'ambo. Gari linalotoka Ubungo kwenda Mwenge linakushusha upande wa Mlimani City, lile jengo la maduka, ambao ndio upande wa chuo, huvuki barabara. Linalotoka Mwenge linakushusha upande wa Sinza, lazima uvuke Sam Nujoma na hilo godoro kichwani. Kwa hiyo mwenye mzigo akifika Ubungo ni bora abadilishe, apande la Mwenge, ashukie Mlimani City, halafu bajaji impandishe mlimani.

Mzigo kwenye Coaster unakaa mbele, juu ya injini pembeni ya dereva. Nguo na ndoo sawa. Laptopu usiweke pale: panachemka, na kwenye foleni ya Kimara utakaa muda wa kutosha kuiva. Begi ukiliweka kwenye kiti, hesabu umelilipia nauli.

Mtoto wa Kimara
Daladala za nini na mwendokasi ipo? Panda Kimara, shuka Ubungo, njia yake haina malori wala bodaboda.

Suka Mstaafu
Njia haina foleni, mlango ndio una foleni. Saa 12 asubuhi pale Kimara na sanduku utapandia wapi? Mwendokasi ya asubuhi ni ya mtu mwenye daftari moja, tena alishike kifuani.

Mtoto wa Kimara
Mzee unatetea biashara yako tu.

Suka Mstaafu
Nimeshastaafu, soma jina.

Mama Wawili wa Tabata
Mkimaliza kugombana mtuambie na sisi wa Mandela Road. Kwa wasioijua: barabara ile inabeba malori ya makontena kutoka bandarini. Flaiova ya Mfugale pale Tazara, iliyofunguliwa 2018, ilipunguza kichefuchefu, lakini lori moja likiharibika Buguruni, wote nyuma yake mmeharibika. Anayetoka Mbagala au Gongo la Mboto kwa gari la Simu 2000 na ana kipindi saa 1, saa 11 alfajiri awe kituoni. Ukitoka saa 12 utafika, ila utamkuta mhadhiri anafuta ubao.

Na kiti hupati mpaka ugeuze. Yaani unalipanda gari likiwa bado linaingia mwisho wa ruti, kituo kimoja au viwili kabla, wenzako wanashuka wewe unabaki. Unalipa mara mbili, kwa safari isiyozidi kilomita 10 ni 600 na 600 nyingine. Ya kwanza ilipe kabla halijageuza. Konda akikuta umekaa dirishani na hujalipa ya kuja nayo, mtaoneshana.

Dogo wa Supu
Mwanafunzi si 200? Onyesha kitambulisho.

Mama Wawili wa Tabata
Mwanangu, konda hasomi kitambulisho, anasoma sare. Huna sare, huna 200.

Dogo wa Supu
Mwanafunzi ni mwanafunzi.

Pilipili Hoho
Mwambie hivyo akiwa ameshikilia mlango, gari liko kasi, noti amezikunja kwa urefu katikati ya vidole. Utaona anavyokukodolea.

Dada wa Savei
Naomba niwakatishe. Mnazungumzia nauli, na pale stendi kuna watu wanapoteza begi zima. Linakwenda hivi.

Unashuka kwenye basi, miguu imevimba, simu ina asilimia 4. Kijana wa kizibao anakuambia, "Karibu mdogo wangu, chuo eh?" Amejua kwa godoro na ndoo mpya. Hujajibu, begi liko begani kwake. Hakimbii. Anatembea tu, haraka kidogo kuliko wewe, na wewe unafuata begi lako kama mbuzi anayefuata majani. Bajaji imeshawashwa. Bei haijatajwa. Mkianza kuondoka anapanda mwenzake, "anashuka hapo mbele". Anakaa upande wa begi. Baadaye bajaji inaacha Morogoro Road inaingia mtaani, eti kukwepa foleni. Ndipo bei inatajwa, na mguu wa yule wa pembeni uko juu ya begi.

Dawa yake iko kabla ya kukaa, baada ya hapo hakuna dawa. Begi lisitoke mkononi bei haijatajwa. Taja bei pamoja na mahali: "mpaka jengo la Utawala chuoni, nimekodi, niko peke yangu". Usiseme "Mlimani" tu, maana atakushusha Mlimani City halafu adai nyongeza ya kupanda kilima. Piga picha namba ya bajaji ukiwa bado umesimama, mtumie mtu wa nyumbani, naye dereva aone unatuma. Na akipanda wa "hapo mbele", wewe shuka. Usibishane, shuka na begi lako.

Mtoto wa Kimara
Hiyo ya "anashuka hapo mbele" ndiyo yenyewe.

Kaka Msewe
Suluhisho ni kujifanya bubu. Usimjibu mtu mpaka utoke geti.

Dada wa Savei
Bubu ndiye mgeni namba moja. Sema "namsubiri kaka, anapaki gari", endelea kutembea.

Pilipili Hoho
Na ukikutana na mpiga debe ambaye ni kaka yako kweli?

Mwenyeji wa Changanyikeni
Pilipili, tulia. Turudi kwenye mada. Wa Kigamboni?

Kaka Msewe
Rahisi kuliko wote, na ndio wanaolalamika zaidi. Pantoni mpaka Magogoni, ukitoka pale kituo cha mwendokasi Kivukoni kiko hatua chache. Panda la Kimara, shuka Ubungo. Kivukoni mpaka Ubungo gari halibadilishwi. Wanaokuja na SGR nao washukie stesheni ya mjini, wasidanganyike kushukia Pugu, kisha wafuate mwendokasi hiyohiyo.

Mvua ndiyo inaharibu hesabu. Morogoro Road inakatiza bonde la Msimbazi pale Jangwani, na mto ukijaa maji yanapita juu ya lami, barabara inafungwa. Mwendokasi inakatika vipande viwili: huku Magomeni, kule Fire. Mvua ya usiku kucha ikipiga, usiende Kivukoni kusubiri muujiza. Tafuta gari la Mwenge linalopita Ali Hassan Mwinyi, Salenda, Morocco, Makumbusho, halafu Mwenge ushike la Ubungo. Ni mbali zaidi ila unafika. Kuna wanaoshauri kushuka Fire na kuvuka Jangwani kwa miguu wakiwa wameshikana mikono. Hao msiwasikilize. Yale maji hayaonyeshi mtaro uko wapi.

Dogo wa Supu
Bodaboda si wanabeba watu kuvuka?

Kaka Msewe
Ndiyo hao niliosema msiwasikilize.

Binti Vimbweta
Mmemfikisha getini mmemwacha. Ndani nako ni safari. Chuo kimekaa juu ya kilima, kwa hiyo mita 300 za kwenye ramani si mita 300 za miguu. Vipindi viwili vinavyofuatana, kimoja ukumbi wa Nkrumah kingine kumbi za Yombo, hakuna dakika ya kununua maji. Siku ya kufika, kabla ya kufungua ratiba, tembea kutoka Utawala mpaka Yombo ukihesabu dakika. Nkrumah hupotei: ni lile jengo la kwenye noti ya zamani ya 500. Viatu vya kisigino weka vya mahafali.

Mapengo kati ya vipindi watu wanakaa kwenye vimbweta, yale meza na viti vya zege vya nje. Cha kivulini ukikiacha umekipoteza, hata ukiacha daftari juu yake. Maktaba mpya ya 2018 inaingiza wasomaji 2,100, na wiki ya mitihani nafasi zinajaa zote. Hosteli za Magufuli zina nafasi 3,840, na bado watu wanabebana, wawili kitanda kimoja. Ukipangiwa Mabibo ujue ile iko nje ya kampasi, kwa hiyo kila siku una nauli, iondoe kwenye bumu (hela ya mkopo) mapema kabla bumu halijakuondoka.

Na ngedere. Wanajua mfuko wa chakula kuliko wanavyojua watu. Ngedere anasikia mfuko unavyochakacha, anashuka mtini, anavuta, mfuko unapasuka. Chakula kiingie kwenye begi lenye zipu, na zipu ifungwe mpaka mwisho.

Pilipili Hoho
Zipu wanafungua.

Binti Vimbweta
Hawafungui.

Pilipili Hoho
Wa karibu na kafeteria wanafungua.

Suka Mstaafu
Jamani, na yule wa DUCE hajapewa njia. Akitoka Mbezi ashuke Ubungo, ashike gari la Mandela Road mpaka Tazara, pale aulize la kwenda Chang'ombe. Asipitie Simu 2000, atakuwa anarudi nyuma.