Daraja letu Kisauni: mkandarasi yuapiga plasta juu ya kutu

Jamani, hili tusilinyamazie. Daraja dogo la kwenye mkono wa bahari huku Kisauni, Mombasa, halijatimiza mwaka tangu lifunguliwe, na bimu, ile boriti ya zege inayobeba daraja, ya upande wa baharini imeshapasuka kwa urefu, ufa umefuata chuma kilicho ndani na maji ya kutu yamechuruzika hadi kwenye nguzo. Wiki hii mkandarasi ameleta mafundi wawili, karai moja, mchanga na simiti. Wameziba nyufa, wakapitisha sponji, wakamalizia na rangi ya kijivu. Ukipita leo waona bimu mpya kabisa. Kipindi cha kurekebisha kasoro kinakwisha mwezi ujao, na kikipita hivi hivi, zile pesa za kandarasi zilizoshikwa zitatolewa. Haraka yote ni hiyo. Kidonda kimefungwa na usaha ungali ndani, na wanaomtetea wasema eti kosa ni la bahari yetu iliyo kali.

Chuma kikiwa ndani ya zege nzuri hakishiki kutu, kwa sababu simiti ina alkali kali inayokivika ngozi nyembamba ya kukikinga. Chumvi ikikifikia, ngozi hiyo hutoboka. Na kutu hudai nafasi: hufura mara 2 hadi 6 ya kile chuma kilicholiwa, kwa hiyo huisukuma zege kutoka ndani mpaka ipasuke. Ufa unapoonekana nje, kazi ya uharibifu imeshaenda mbali. Plasta ya sentimita moja haiwezi kuzuia msukumo uliopasua bimu nzima.

Kabla hawajaziba, mahali palipokuwa pamebanduka uliweza kuweka rula. Kutoka uso wa zege hadi kwenye ringi, kile chuma chembamba kinachozungushiwa vyuma vikubwa, ni milimita 18. Kwa daraja linalorushiwa maji ya bahari, kinga hiyo huwa milimita 50 hadi 75. Kumi na nane ni kipimo cha chumba cha kulala! Na yajulikana inavyotokea: biskuti, vile vipande vya simiti vya kushikilia vyuma mbali na ubao wa kumwagia zege, hazikutosha, au zilikuwa vipande vya mawe vilivyookotwa hapo hapo, fundi akapanda juu ya vyuma wakati wa kumwaga, vikalalia ubao. Mara nyingi pia kinga hupimwa kutoka chuma kikubwa badala ya ringi, na ringi ya milimita 10 ishakula milimita 10 zako kabla hujaanza.

Halafu maji. Zege hii ilichanganywa kwa maji ya kisima yaliyochotwa kando ya mkono huo huo wa bahari, na kila mtu huku ajua ladha ya visima vile. Fanyeni hesabu. Mita moja ya ujazo ya zege ikiwa na mifuko 7 ya simiti ni kilo 350. Kloridi, ile sehemu ya chumvi inayokula chuma, inayoruhusiwa kwenye zege yenye vyuma ni asilimia 0.4 ya simiti, yaani kilo 1.4. Maji ya bahari yana karibu gramu 19 za kloridi kwa lita. Ukitumia lita 180 za maji ya bahari umetia kilo 3.4, karibu mara mbili na nusu ya kiwango. Kisima chenye chumvi nusu ya bahari peke yake kinakupitisha mpaka, bado hujahesabu mchanga wa ufuoni usiooshwa. Zege ya namna hiyo haina haja ya kungojea bahari iiingilie. Imezaliwa na ugonjwa.

Ndiyo maana ule utetezi wa "bahari yetu ni kali" wakera. Daraja la Nyali lilifunguliwa 1980, liko juu ya maji haya haya, na magari yapita mpaka leo. Wala msilete mfano wa Ngome ya Yesu, ile ngome kongwe ya hapa ufuoni. Ile ni mawe ya matumbawe na chokaa, haina vyuma ndani vya kushika kutu.

Sasa marekebisho ya kweli ni haya, ili mkandarasi asije akasema hakuna aliyemwambia.

Kwanza bimu itegemezwe kwa jeki na nguzo za muda, na malori ya mchanga yazuiwe. Kisha igongwe kwa nyundo hatua kwa hatua, uso mzima, pamoja na pale pasipo na ufa. Palipoachana hulia kama mtungi mtupu. Pachorwe kwa chaki. Ukingo ukatwe kwa grainda, kina cha milimita 10, usimame wima, kwa maana kiraka chenye ukingo mwembamba kama chapati hubanduka. Zege ichimbwe kwa tindo mpaka nyuma ya chuma, nafasi ya milimita 20 hadi 25, vidole vipite. Hapa ndipo wanapodanganya: wanachimba mpaka uso wa chuma tu, wanaacha nyuma yake kutu na chumvi. Uchimbaji ufuate chuma mpaka ukikute kisafi, na uendelee kama milimita 50 zaidi.

Brashi ya waya haitoshi. Kutu ya chumvi hukaa kwenye vishimo vidogo ambavyo brashi haifiki. Chuma kipigwe mchanga kwa kompresa, kioshwe kwa maji matamu yenye nguvu, kisha kipimwe unene. Chuma cha milimita 16 kikibaki 14, macho yatakwambia ni kidogo, lakini kimepoteza asilimia 23 ya nguvu yake. Hapo huwekwa chuma kipya kando yake, kilalie kizima milimita 640 kila upande, yaani mara 40 ya unene.

Kazi ipangwe siku za maji mafu, bahari isipojaa wala kupwa sana. Siku za bamvu, inapojaa na kupwa sana, bahari hapa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na kiraka kibichi kikilambwa na maji ya chumvi usiku wa kwanza, mmerudi mlikoanza. Kikishakamata kifunikwe kwa magunia na kimwagiliwe maji matamu siku 7.

NYONGEZA: Kuna ndugu ameuliza mbona chini kabisa, ambako nguzo haitoki majini, ni kuzima, hakujaliwa na kutu. Kutu yataka chumvi na hewa pamoja. Kule chini chumvi ipo tele lakini hewa ni haba. Panapoliwa ni pale pa kupwa na kujaa na juu yake kidogo, panapolowa na kukauka kila siku.

Na dada aliyesema "angalau wameziba, tungoje tuone": hata kiraka kizuri huhamisha ugonjwa kikifanywa peke yake. Chuma kilicho ndani ya kiraka kipya hutulia, kisha kile cha pembeni, kilicho kwenye zege ya zamani yenye chumvi, huanza kuliwa kwa kasi zaidi. Kwa hiyo bimu yote itobolewe sampuli za unga, kina cha milimita 20, 40 na 60, zipelekwe maabara zipimwe kloridi. Kama imejaa mpaka ndani, hakuna kiraka kitakachoponya, ibomolewe imwagwe upya kwa gharama ya mkandarasi.

Mhandisi msimamizi asitie sahihi kabla ya majibu hayo kutoka. Mwenye picha za bimu kabla ya plasta, hasa zenye rula au hata sarafu kando ya ufa, aziweke hapa leo pamoja na tarehe.