Mjadala wa Komunyo kwenye kundi la parokia: tukosoane vipi bila kuchafuana?

Mwanakwaya_Chumbageni
Tumsifu Yesu Kristo. Kwenye kundi letu la WhatsApp la parokia hapa Tanga, mjadala wa kupokea Komunyo, yaani mkate uliowekwa wakfu kwenye Misa, mkononi au mdomoni umegeuka ugomvi. Mmoja kaandika kuwa wanaopokea mkononi ni wazushi, yaani wapotoshaji wa imani, akajibiwa kuwa yeye ni Farisayo, yaani mnafiki wa dini. Watu wanajitoa, na viongozi wa jumuiya wanataka kuupiga marufuku kabisa. Naona tukiufunga vijana watakwenda kuulizia kusikojulikana. Kanisa linafundisha nini juu ya namna ya kubishana, na mtu aandikeje anapomkosoa mwenzake mbele ya wote?

Katekista_Bagamoyo
Milele, amina. Msiufunge. Tenganisheni kwanza jambo lenyewe na tuhuma.

Jambo lenyewe ni la nidhamu ya liturujia. Hati ya Vatikani iitwayo Redemptionis Sacramentum ya 2004, namba 92, inasema mwamini ana haki daima ya kupokea mdomoni. Na pale ambapo Baraza la Maaskofu limeruhusu kwa kuthibitishwa na Roma, anayetaka kupokea mkononi apewe, isipokuwa kukiwa na hatari ya Sakramenti kunajisiwa. Anayesoma nusu ya kwanza tu hupata silaha, na anayesoma nusu ya pili tu vilevile. Ndiyo maana kipande cha hati kilichokatwa na kusambazwa kama picha kisikubaliwe kundini bila namba na aya nzima.

Tuhuma ni habari nyingine. Kwa Kanuni ya 751 ya Sheria za Kanisa, mzushi ni mbatizwa anayekana kwa ukaidi, au kutilia shaka kwa ukaidi, ukweli unaopaswa kusadikiwa kwa imani ya kimungu na ya kikatoliki. Kosa hilo adhabu yake ni kutengwa na Kanisa (Kanuni ya 1364). Anayenyoosha mkono kwa ruhusa ya Kanisa amekana ukweli upi? Kanuni ya 220 inakataza kuharibu jina jema la mtu isivyo halali. Na aliyesema "Farisayo" hajasalimika: amehukumu moyo asiouona. Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa Katoliki, namba 2477, inahesabu hukumu ya haraka kuwa kosa hata ikibaki kimoyomoyo.

Kuhusu kuandika, fuateni utaratibu wa Mtakatifu Thoma wa Akwino, mwanateolojia wa zamani, anayetanguliza hoja za wapinzani kabla ya kutoa yake. Sentensi mbili za kwanza ziwe hoja ya mwenzako, kama yeye mwenyewe angeisema. Kisha chanzo chenye namba, kisha jibu lako. Akilalamika kuwa hakusema hivyo, rekebisha sentensi zile kabla ya kuendelea. Na hoja ziwe za maandishi: ujumbe wa sauti wa dakika saba hausikilizwi hadi mwisho, wala hauwezi kunukuliwa kwa haki.

Mzee_wa_Ngamiani
Mwalimu, nakubali mengi, lakini upole usije ukawa pazia. Paulo alimpinga Kefa, yaani Petro, uso kwa uso, Wagalatia 2:11. Na Kanuni ya 212 inawapa waamini haki, na mara nyingine wajibu, wa kuwaeleza wachungaji maoni yao. Ukimwambia kila mtu "nenda kanong'one naye pembeni kama Yesu anavyoagiza kwenye Mathayo 18", fundisho potofu linabaki limeandikwa mbele ya kundi zima.

Katekista_Bagamoyo
Shikamoo mzee. Ni kweli, na Thoma yuko upande wako: kosa la hadharani hukosolewa hadharani. Kwa hiyo fundisho lisahihishwe palepale lilipoandikwa, siku hiyohiyo. Lakini matusi ya mtu, hasira yake na nia yake, hayo mfuate faraghani. Kanuni hiyo ya 212 nayo inadai heshima kwa wachungaji na kuangalia hadhi ya watu.

Mama_Jumuiya
Nyongeza kwa viongozi wa kundi: moto ukiwaka usiku, wekeni mpangilio wa viongozi pekee kutuma ujumbe hadi asubuhi, na semeni saa mtakayofungua, watu wasidhani wamenyamazishwa. Tena huku Tanga wengi tuna ndugu Waislamu kwenye familia. Ugomvi wetu wa Komunyo huwafikia kwa picha za skrini kabla ya mafundisho yetu.

Mwanakwaya_Chumbageni
Asanteni sana. Waliokwisha kutukanana, je? Mmoja amefuta ujumbe wake, anasema yamekwisha.

Katekista_Bagamoyo
Hayajaisha. Katekisimu 2487 inadai malipizi kwa aliyeharibiwa jina, hata kama mkosaji amekwisha kusamehewa. Kufuta kunaondoa maneno kwenye kundi, lakini waliosoma wameshasoma. "Samahani kama kuna niliyemkwaza" nayo haitoshi. Alitaje neno alilosema na aliyemwambia, aseme halikuwa kweli, na atume kwenye kundi lilelile. Kama alilipeleka na kwenye kundi la kwaya, aandike na huko.