Tupeane uzoefu: ndago kwenye ukoka bila kupiga dawa, mliwezaje?

GobaJuu
Wakuu, habari za Jumapili. Nina kieneo mbele ya nyumba, kama hatua kumi kwa kumi na mbili. Nilipanda ukoka wa paspalum vuli iliyopita, ikashika vizuri. Kosa langu ni kununua lori la udongo mweusi bila kuuliza umechimbwa wapi. Masika yalipoingia, ndago zikachomoza utadhani nimezipanda mwenyewe. Dawa ya magugu sitaki kuisikia, maana sungura wa watoto wanakula majani hayohayo. Nimeng'oa mpaka vidole vimeota sugu, siku tano zimerudi. Aliyewahi kuzishinda aje hapa.

MamaWawili
Pole. Wewe unang'oa majani, mwenye nyumba anabaki chini. Ndago ina viazi vidogo vyeusi vimeungana kama shanga kwenye uzi. Ukivuta kwa hasira uzi unakatika, na kila kiazi kinachipua kivyake. Mimi namwagilia jioni udongo ulainike, asubuhi nashika bisibisi kuukuu, nachokonoa kando ya shina mpaka kiazi kitoke kizima. Eneo la mkeka mmoja kwa siku, basi. Viazi situpi kwenye mboji, naanika juani kwenye bati mpaka vikauke kabisa. Zile zinazonishinda nazikata kila zinapochungulia, zisipate nafasi ya kulisha viazi vyake. Imenichukua misimu miwili, sikufichi. Na jembe usilipeleke kabisa hapo, utakuwa unazigawa.

Chamwino_Kavu
Ndago mnazililia, njooni Dodoma muone mbigili zinavyotoboa ndala! Siri ni kuwahi likiwa bado na maua ya njano, unakata mzizi chini kidogo ya ardhi, linakufa. Likishakomaza miiba umechelewa. Mwaka mmoja mimi nilichelewa, nikachukua blanketi bovu nikaliburuta juu ya eneo lote, miiba ikanasa kama kupe. Nikalichoma moto blanketi. Hata hivyo mvua iliyofuata zikaota tena, mbegu zake zinakaa ardhini miaka.

Shemeji_wa_Pwani
Naomba nisimulie aibu yangu. Jirani aliniambia chumvi ya mawe inamaliza kila kitu. Kweli ilimaliza: ukoka wote ukawa rangi ya kahawia, pakabaki upara wa ukubwa wa kitanda. Unajua nini kiliota kwanza pale? Ndago. Siki nayo nilijaribu, inaunguza majani tu, chini kuzima. Maji ya moto yanafaa kwenye nyufa za vibaraza na katikati ya matofali ya njia, si kwenye ukoka.

Fuga_Kidogo
Fungulia nguruwe wawili, watafukua viazi vyote kwa pua 😂 Ukoka utausahau, lakini.

LimuruBaridi
Hapa kwetu tatizo lilikuwa kijana wa kukata nyasi. Alikuwa anakata hadi mchanga unaonekana, ati ndiyo usafi. Nyasi ikikatwa hivyo inadhoofika, jua linafika chini, magugu yanashangilia. Nilimwambia aache urefu wa vidole vitatu au vinne, na pale penye upara tukapandikiza vipande vya nyasi badala ya kungoja ijifunge yenyewe. Ndago haipendi kivuli hata kidogo. Nyasi ikishonana, inabaki moja moja nyembamba, hiyo unaitoa ukiongea na simu.

MamaWawili
Umenikumbusha, Limuru. Hata samadi, usimwage mbichi. Ng'ombe anakula mbegu za magugu na nyingine zinatoka zikiwa hai. Iozeshe kwanza.

GobaJuu
Nashukuru sana, wakuu. Samadi mbichi niliweka pia, viroba vitatu, sikutaka kusema mapema. Leo nimeanza na bisibisi karibu na geti, nimejaza kopo la nusu lita na mkeka wenyewe sijaumaliza. Fundi wa fyekeo nimemwambia aache vidole vitatu. Amecheka, kasema sawa bosi, ila kwa urefu huo atalazimika kuja mara nyingi zaidi, kwa hiyo tuongee upya bei.