Naomba ushauri: kitambaa cha dari ya gari kimeachia

Ndugu zangu, salaam. Gari langu lina zaidi ya miaka 20, na kitambaa cha dari kimening'inia kiasi cha kunigusa kichwa ninapoendesha na kuziba kioo cha nyuma, jambo ambalo naliona ni la hatari. Nilikirudishia kwa gundi ya kupuliza, lakini baada ya siku chache za jua kiliachia tena. Nilipokivuta pembeni nikaona sababu: sponji nyembamba iliyo nyuma yake imeoza na kuwa unga unaomwagikia mabegani, kwa hiyo gundi inashika unga badala ya ubao wa dari ambao kitambaa hubandikwa juu yake.

Nimeamua kuushusha ubao wote, nikwangue sponji kuukuu kwa brashi, kisha nibandike kitambaa kipya chenye sponji yake. Ninachohofia ni kuuvunja ubao huo mwepesi ninapoupitisha mlangoni. Je, nilaze viti vya mbele, au niutolee nyuma? Na ni gundi ya aina gani inayostahimili joto la gari lililoegeshwa juani? Aliyewahi kuifanya kazi hii kwa mkono wake naomba anielekeze, hasa namna ya kubandika sehemu zenye mabonde bila kitambaa kuacha mikunjo.