PS4 iliyotumika au Switch kwa gemu ndefu za stori? Nina miaka 46, nipo Dodoma

Mkazi_wa_Ilazo
Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri kabla ya Jumamosi maana kuna wauzaji wawili wananisubiri na wote nimeshawaambia nakuja. Nataka kununua mashine ya gemu lakini sio kwa ajili ya mpira, mpira nikiuangalia kwenye TV unanitosha, nataka zile gemu ndefu za stori, unaanza na kijana hana hata upanga wa maana, unatembea naye mji kwa mji, unaongea na watu, unapanda levo mpaka mwisho wa safari. Mara ya mwisho kucheza gemu ya namna hiyo ilikuwa 1999 kwenye kibanda kimoja Majengo, Final Fantasy VII ile ya CD tatu. Tulikuwa wawili tunachanga hela, tunalipia nusu saa nusu saa, na kadi ya kusevia ni ya mwenye kibanda. Tumefika CD ya pili, siku hiyo tunaingia tunakuta mtu kafuta sevu yetu apate nafasi ya ligi yake. Sikurudi tena. Ila kile kifo cha mwisho wa CD ya kwanza sijakisahau, na mwisho wa ile stori siujui mpaka leo.

Sasa nina PS4 Slim iliyotumika inakuja na The Witcher 3 na Persona 5 Royal, na upande wa pili nina Nintendo Switch iliyotumika, ile yenye kioo na betri yake unaweza kuchezea mkononi, inakuja na Dragon Quest XI. Bei zimepishana kidogo tu. Nichukue ipi? Nawasilisha.

Zabibu_Nyeusi
Naweka kambi hapa, na mimi nilikuwa na swali hilo hilo. Ngoja waje wanaojua.

Mzee_wa_Makole
Mkuu umetuletea mashine mbili halafu hujatuambia chochote kuhusu wewe. Unacheza saa ngapi? Kwa siku unapata muda gani? TV ni yako peke yako au ya familia? Umeme mtaani kwako ukoje? Na hiyo Switch ni ipi, maana zipo za aina tatu na sio kitu kimoja. Jibu hayo kwanza, la sivyo kila mtu atakutajia anachokipenda yeye.

Mkazi_wa_Ilazo
Samahani wakuu. Ofisi ipo Mtumba, nafika nyumbani saa kumi na mbili na nusu hivi, kula, madaftari ya watoto, kwa hiyo muda wangu ni saa nne usiku mpaka tano na nusu, na sio kila siku, labda siku tatu kwa wiki. Kuna safari za kazi, naweza kukaa Mpwapwa au Kondoa wiki mbili sigusi kitu. TV ni moja, ipo sebuleni, na mama watoto ana tamthilia zake mpaka saa tatu na nusu. Umeme unakatika kama kwingine. Bajeti laki saba, nikikaza sana saba na nusu. Aina ya Switch sijui, namuuliza muuzaji.

Geralt_wa_Kisasa
Chukua PS4, weka The Witcher 3, funga mjadala. Nakwambia kama baba kwa baba. Gemu ya 2015 lakini mpaka leo sijaona stori inayomheshimu mtu mzima kama ile. Unacheza kama Geralt, sio kijana wa shule, ni mtu aliyechoka ana mvi anamtafuta binti aliyemlea. Humo ndani kuna mlevi mmoja wanamwita Bloody Baron, mke na binti wamemkimbia na anakuomba uwatafute, na kadiri unavyoulizia ndio unaelewa kwa nini walikimbia, na hakuna jibu zuri, unachagua na unaishi na ulichochagua. Nilimaliza kile kipande saa saba usiku nikazima nikaenda kuwaangalia wanangu wamelala. Hiyo Dragon Quest ni nzuri kwa watoto.

Binti_Kondoa
Kaka Geralt hapo kwenye watoto hapana. Nina miaka 41, nafanya kazi za zamu, nina wawili nyumbani, na Dragon Quest XI nimeimaliza kwa miezi minane. Ningekuwa na Witcher nisingeimaliza, na nilijaribu kwa shemeji.

Adui wa mtu wa umri wetu ni kusahau. Kijana anacheza kila siku, kwa hiyo kila kitu kipo kichwani. Sisi tunaacha wiki mbili, tunarudi, hatujui tulikuwa tunaenda wapi, huyu mtu ni nani, kitufe cha kukwepa ni kipi, halafu umeshikwa na mazimwi matatu unakufa mara nne unazima, na ndio mwisho wa ile gemu, hutaifungua tena. Dragon Quest ukifungua sevu yako inakuandikia kwanza stori ilipofikia, na ukipotea unaongea na wenzako wa msafara wanakukumbusha mnaelekea wapi. Vita ni vya zamu, adui anakusubiri. Mtoto akilia naenda, nambembeleza, nikirudi dakika ishirini baadaye lile joka bado limesimama pale pale linasubiri nichague. Na Switch unabonyeza tu inalala, kesho yake unaiamsha upo hapo hapo.

Geralt_wa_Kisasa
Dada, na Witcher ukifungua sevu, Dandelion yule rafiki yake anakusimulia ulipoishia. Na kuna kiwango cha chini kabisa cha ugumu kwa mtu anayetaka stori tu, unapiga piga tu unapita. Tusiwatishe watu.

Binti_Kondoa
Anasimulia ndiyo, ila vidole havisimuliwi. Vidole ndio vinasahau.

Ndugu_wa_Bahi
Nisiwaudhi lakini ndugu yangu miaka 46 laki saba unaweka kwenye gemu? Hela hiyo unaanzia hata eka ya zabibu.

Mzee_wa_Makole
Ndugu wa Bahi, mtu wa 46 akikaa kwenye bao kuanzia saa tisa mpaka giza hakuna anayemuuliza umri. Akikaa baa kila Jumamosi na Jumapili mechi zote za Ulaya, kwa mwaka hiyo laki saba inapita mara ngapi? Huyu amesema lisaa limoja na nusu, usiku, yupo nyumbani kwake, watoto wamelala. Mimi nina 52 na nacheza, na shamba ninalo.

Ndugu_wa_Bahi
Bao unakaa na watu mzee wangu. Hapo ndipo tofauti yangu. Gemu unakaa peke yako gizani.

Zabibu_Nyeusi
Hapo kuna hoja ila kitabu nacho mtu anasoma peke yake na hatumsemi.

Nkuhungu_Kwetu
Naomba niseme langu kwa urefu maana jamaa anataka kununua PS4 na Persona 5 Royal, ndio kitu kile kile nilinunua mimi miaka mitatu iliyopita.

Mashine ilikuwa nzima, CD nzima. Persona ni gemu ya masaa mia na kitu, wewe ni mwanafunzi wa sekondari Tokyo, kuna kalenda, kila siku mchana shule, jioni unachagua uende kusoma, ukafanye kibarua au ukae na rafiki, na siku ikipita imepita. Mwanzoni inakuuliza jina, nikaandika jina la marehemu kaka yangu. Sikupanga, nilijikuta tu nimeandika. Basi kila usiku nasikia moyo unatulia, namwona anaenda shule, anapata marafiki, anakula kari kwenye ule mgahawa. Nilifika masaa 84. Najua ni 84 sababu ilikuwa inaandika pale kwenye sevu.

Sasa nilikuwa na sevu moja tu. Nafasi zipo nyingi lakini mimi nilikuwa nasevu juu ya ile ile kila siku, nikiona kuweka nyingi ni uchafu. Usiku mmoja mwezi wa nane, upepo ule mnaujua, nasevu, alama inazunguka, umeme ukakata. Dakika mbili ukarudi kwa nguvu, taa zikawaka sana, ukakata tena. Asubuhi nawasha mashine inasema inakagua diski, ikakaa muda mrefu, ikaingia. Nafungua gemu, sevu imeharibika, haifunguki. Nikampelekea fundi mmoja mjini akaniambia anaitoa, akakaa nayo siku nne, akanirudishia akasema haiwezekani na vumbi alilolitoa kwenye feni lilijaa kiganja. Hela alichukua. Watu waliniambia anza upya, stori unaijua utaenda haraka. Sikuweza. Sio masaa 84, ni lile jina. CD bado ipo kabatini.

Kwa hiyo mkuu ukichukua PS4 weka UPS, lile boksi la betri linaloshikilia umeme ukikata, siku hiyo hiyo, hata ndogo, na sevu nafasi tatu kwa kupokezana.

Binti_Kondoa
Pole sana kaka yangu. Hiyo inaumiza kweli.

Mkazi_wa_Ilazo
Pole ndugu. Umenikumbusha kile kibanda.

Fundi_Area_C
Pole mkuu. Mimi nafungua hizi mashine, niongezee mawili. PS4 inakubali kukopi sevu kwenda kwenye flashi bila kulipia chochote, unaingia kwenye mipangilio unakopi, kila mwisho wa wiki fanya hivyo, hata diski ikifa stori yako ipo mfukoni. Switch haina hiyo, sevu zinakaa ndani ya mashine, na kuzihifadhi nje mpaka ulipie huduma yao ya mtandaoni. Watu wanaisifia Switch kwa betri lakini hilo hawalisemi.

La pili vumbi. Hapa kwetu kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi sio mchezo. Usiweke PS4 kwenye kabati la kioo chini ya TV, inavuta hewa ya moto ile ile, na usiiweke chini sakafuni. Iweke juu, wazi, na ukimaliza funika kwa kitambaa, sio wakati inawaka. Ukinunua iliyotumika iwashe nusu saa pale pale kwa muuzaji na CD ndani, ikianza kupiga kelele kama mashine ya kusaga jua inahitaji kufunguliwa, kusafishwa na kuwekwa pesti mpya ya kupoozea joto kwenye prosesa.

Kijana_wa_UDOM
Shikamooni wazee wangu. Mbona hakuna aliyetaja Baldur's Gate 3? Vita vya zamu, unasevu popote, maamuzi mpaka unachoka. Akichukua PS4 aipate hiyo.

Geralt_wa_Kisasa
Haipo PS4 kijana. Ilitoka 2023 kwenye kompyuta na PS5. Na kwenye kompyuta inataka GB 150, hebu piga hesabu ya bando.

Kijana_wa_UDOM
Kweli, nimekosea. Basi Clair Obscur, ya wale Wafaransa wa Montpellier, 2025. Stori yake kila mwaka namba inaandikwa na watu wote wa umri huo wanatoweka, namba inashuka, imefika 33. Na sio ndefu sana, masaa thelathini hivi unamaliza.

Mzee_wa_Makole
Nayo haipo PS4 wala Switch aliyoitaja. Ila hiyo stori mtu wa 46 akiisoma anakaa kimya kwanza. Humo hakuna hata mmoja wa rika letu.

Mkazi_wa_Ilazo
Marahaba kijana. PS5 siiwezi sasa hivi.

Wakuu muuzaji wa Switch amenijibu, anasema hajui aina ila ni ya njano yote.

Fundi_Area_C
Njano yote mwili mzima ni Lite. Hiyo haiunganishwi na TV kabisa, unachezea mkononi tu, na kioo chake ni inchi 5.5. Pedi hazitoki. Jaribu vijiti vyote viwili kabla ya kulipa, vikizeeka mtu wako anaanza kutembea mwenyewe.

Mzee_wa_Makole
Ndio maana niliuliza. Sasa swali lingine, unavaa miwani ya kusomea? Hizi gemu ni maandishi mwanzo mwisho, yote Kiingereza, Kiswahili hamna. Kwenye kioo cha inchi 5.5 saa tano usiku ukitoka kusoma mafaili kutwa, macho yatagoma. Mimi niliacha kucheza mkononi kwa sababu hiyo tu.

Mkazi_wa_Ilazo
Navaa tangu mwaka jana. Dah. Lakini ya mkononi ndio ingeenda na mimi Kondoa.

Binti_Kondoa
Kaka tafuta Switch ya kawaida, kioo inchi 6.2 na TV inaingia. Ulizia zile zilizoanza kutoka 2019, betri yake inakaa masaa manne na nusu mpaka tisa kutegemea gemu, za kwanza za 2017 zilikuwa mbili na nusu mpaka sita na nusu. Umeme ukikata wala hujui. Na Witcher ipo pia huko, kadi moja ina kila kitu ndani, hudaunlodi, ili kaka Geralt naye afurahi.

Geralt_wa_Kisasa
Ipo, ila picha imefifia. Kwa stori ile napenda mtu aione kwenye TV.

Zabibu_Nyeusi
Hivi hakuna aliyemwambia jamaa? Ile Final Fantasy VII yake ya 1997 ipo, ile ile ya zamani, PS4 ipo na Switch ipo. Wameongeza kitufe cha kuharakisha mara tatu na kingine cha kuzima vita vya njiani. Kwa mtu wa lisaa limoja na nusu usiku hicho ni kitu kikubwa. Anaweza kuanzia mwanzo akafika alipoishia ndani ya wiki chache.

Mkazi_wa_Ilazo
Ile ile? Na ile miziki yake?

Zabibu_Nyeusi
Ile ile mkuu. Sura za mraba mraba vile vile.

Mkazi_wa_Ilazo
Aisee. Yule mwenzangu wa kibanda yupo Singida sasa hivi, ngoja nimpigie.

Ndugu_wa_Bahi
Hapo sasa sio peke yako gizani. Mpigie.

Nkuhungu_Kwetu
Ukianza sevu nafasi tatu. Nasisitiza.

Mkazi_wa_Ilazo
Nimempigia, hajalala. Anakumbuka mpaka jina la mwenye kibanda. Anasema wikiendi ijayo anakuja Dodoma, nisinunue kitu mpaka afike twende wote. Kwa hiyo Jumamosi hii naenda kuangalia tu ile PS4, naiwasha nusu saa kama fundi alivyosema, na ya njano naiacha. Mwenye Switch ya kawaida hapa mjini anitafute inboksi.

Kijana_wa_UDOM
Mzee wangu mimi ninayo ya 2019, ila kwanza niulize, hiyo UPS ndogo mnayoisema inabeba PS4 na TV pamoja au PS4 peke yake?

Fundi_Area_C
Inategemea TV inchi ngapi.